Wenye Midomo na Mwenye Kura

Alasiri za Agosti, Mirdif, mtaa wa ughaibuni ulio jirani na uwanja wa ndege, husinzia macho wazi. Joto limekalia kuta za majumba, barabara hazina mtu, na ndege hupita chini hata msemaji hulikata neno katikati, akangoja, kisha akaliendeleza kama mtu aliyeamshwa. Nyuma ya msikiti, penye kivuli cha ukuta, pana benchi. Hapo hukaa Aidarus, dereva wa Mombasa, waliyembandika jina Kadhi kwa kupenda kuhukumu. Shem wa Kakamega, soja wa geti, aitwaye Mpinzani. Na Wahid, mpishi wa Unguja, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Siku hiyo Fridah, mfanyakazi wa nyumba ya kona, alikuja roho juu. Madam alikuwa amemruhusu kesho asubuhi aende ubalozini kupiga kura ya rais wa Kenya. Dada yake Dorcus, mchuma chai kule Kericho, alikuwa amemsihi akipigie chama kidogo cha wachuma chai, chama ambacho hata Dorcus anajua hakishindi.

— Hiyo ni kura ya kutupa, dadangu, Shem alisema. Wakubwa ni wawili. Mmoja mbaya, mwingine mbaya zaidi. Ukipea hao wa majani chai, huyo mbaya zaidi anapita, na ni wewe umemfungulia geti. Si wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia? Basi nyasi ajichagulie tembo mwepesi!

— Ngoja kwanza, alisema Aidarus akimimina kahawa. Hao wachuma chai wataka nini khaswa?

— Mashine zimeletwa shambani, watu wanafutwa kazi, Fridah alijibu. Waligoma, wakaitwa wahuni wachache. Dorcus anasema hawatafuti ikulu. Wanataka kura zikihesabiwa waonekane ni wengi, ndiyo wakigoma tena waitwe mezani.

— Wakitaka kuonekana si waingie barabarani? Shem akauliza. Mapambano ni ya barabarani, kura ni ya kuzuia mbaya.

— Waliingia. Walipigwa.

Ndege ikapita. Fridah alikuwa anaogopa, na hakujificha. Akishinda yule mbaya zaidi, mgongo utakaopigwa tena ni wa Dorcus. Na akimnyima Dorcus kura, atamwambia nini?

— Mie naona hamjui kura, Wahid alianza, macho juu. Kura isiyoshinda haipotei. Huelea. Hizo ndege mnaziona zazunguka haziteremki? Zinazikwepa kura za vyama vidogo.

— Wallahi kweli, alisema Aidarus. Na zikizidi, zadondoka matone. Ule unyevu wa jana usiku mwadhani watoka baharini?

— Za dunia nzima! Wahid akapandisha. Za wachimba madini, za mayaya, za wafagiaji wa kambi za Muhaisnah. Siku moja zitaanguka zote pamoja, na matajiri wakose mwavuli.

— Ndiyo maana wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi, Aidarus alihukumu. Kura hukunjwa ingali mbichi. Khalas, kesi imekwisha.

— Haijaisha! Shem alifoka. Mvua yenu ikichelewa miaka hamsini, dadake atakula nini?

Fridah alicheka, machozi yakimlenga. Kwa kitambo aliiona ile mvua ikinyesha Kericho, Dorcus amekinga mikono. Kisha akaliona tena lile swali la Shem, nalo halikuwa la mzaha.

Mishi, yaya mgeni kutoka Kwale, ambaye hakuwa na wiki mjini, alikuwa amekaa pembeni akinywa kahawa yake kimya.

— Samahanini, kaka zangu, alisema. Kesho mwaenda kupiga kura wangapi?

Aidarus alitazama birika. Yeye jina lake la mpiga kura liko Likoni, hakulihamisha. Wahid akasema kwa sauti ndogo kuwa hii si ya nchi yake, na wa kwao wakiwa nje hawapigi. Shem alivua kofia yake ya kazi.

— Pasi yangu anakaa nayo arbab, huyo bosi wangu, alisema mwishowe. Sikuweza kujiandikisha.

Alasiri yote walikuwa wakiigombania kura ya Fridah, na benchi zima hapakuwa na nyingine. Ilimuuma Fridah kwa ajili yao kuliko alivyotarajia. Akasimama aende, madam asije akamwita.

— Fridah, Shem akamwita, kofia ya kazi mkononi. Hao watu wa Dorcus... mabawabu wanachukua chamani?

Fridah hakujua. Alimtazama Aidarus, naye Kadhi akamjazia Shem kikombe.

— Nitamuuliza, alisema. Lakini kesho nikiwapigia kura, nitapiga kana kwamba wanawachukua.