Rauno Pyykkönen na Njia ya Baiskeli ya Rajakylä

Mchungaji, ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia imenipa mimi, Oiva Karsikas, kaka wa Raili aliyekuwa mke wa marehemu, heshima ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Rauno Kalervo Pyykkönen. Mmetuona tukiingia tumelowa chapachapa na tumechelewa dakika arobaini, hata mkaimbishwa wimbo mmoja mara tatu, nasi tunaomba radhi, ila sababu yake nitaieleza mahali pake kwa kuwa nayo ni sehemu ya historia hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1951 katika kijiji cha Sarajärvi, Pudasjärvi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Aukusti na mama Hilja Pyykkönen, ambao wote wametangulia. Siku hiyo theluji ilianguka kutwa nzima, mkunga akaletwa kwa farasi wa jirani, na mama Hilja alikuwa akisema mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alikataa kutoka mpaka barabara isafishwe kwanza.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1958 na kumaliza mwaka 1965, akiteleza juu ya theluji kwa skii kilomita nne kwenda na nne kurudi, kisha mwaka 1968 akaja hapa mjini Oulu kusomea udereva na ufundi wa mitambo mizito, akahitimu Mei 1970, na mwaka 1971 akatumikia jeshi huko Kajaani kwa miezi kumi na moja, ambako kwa maneno yake mwenyewe hakujifunza lolote ila kusubiri.

Kuanzia mwaka 1972 aliendesha lori la kokoto, na tarehe 1 Oktoba 1978 alikabidhiwa trekta na njia ya baiskeli inayotoka mtaa wa Rajakylä kwenda Tuira, kilomita sita kamili, ambayo aliitunza kwa majira ya baridi thelathini na sita bila kubadilishiwa, mpaka alipostaafu tarehe 30 Aprili 2014. Wengi wenu mmepita juu ya kazi ya mikono yake mkienda shule na kazini bila kumjua jina, na yeye ndivyo alivyopenda, kwa sababu alikuwa akisema mtu akilijua jina la msafisha theluji basi ujue kuna jambo limeharibika.

Kazi hiyo aliifanya kwa namna yake. Theluji ikifika vidole viwili alikuwa ameshatoka, na saa moja asubuhi ikigonga njia yote iko tayari. Hakuikwangua mpaka kwenye lami, aliacha tabaka jembamba lililoshindiliwa, kisha akalipitia kwa chuma chenye meno mpaka likabaki na mistari kama kichwa kilichotoka kuchanwa, tairi ikashika na mama mwenye mtoto nyuma akapita bila wasiwasi hata baridi ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Chumvi aliichukia, alisema inageuza theluji kuwa uji na kula minyororo ya watu, na kokoto za kuzuia utelezi alizitoa kwa uchoyo, akiziita aibu ya dereva. Kila Jumapili, mapumziko yake, alipanda baiskeli yake ya kijani akaipita njia yote kwenda na kurudi, kwa kuwa hakuamini kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti cha trekta chenye joto anaweza kujua alichokifanya huko chini.

Dada yangu Raili alikutana naye Desemba 1978 kwa ugomvi. Alikuwa mpishi wa shule moja ya Tuira, anapita njia hiyo kila asubuhi, na yule dereva mpya alikuwa akiacha tuta la theluji kila mahali njia inapokata barabara ya magari. Siku ya tatu Raili alisimama mbele ya taa za trekta akamwambia, "Wewe kaka, baiskeli yangu haina mabawa. Hili tuta nani atalibeba, mama yako?" Rauno alishuka na sepetu, akalitoa lote, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuona tuta kwenye vivuko vya Rajakylä. Raili naye alisimulia kwamba alianza kuondoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika, eti kukagua. Walifunga ndoa tarehe 21 Juni 1980 katika kanisa la Tuira, na tarehe 3 Septemba 1982 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Outi, aliyekaa hapa mbele, ambaye naye amewapa mjukuu mmoja, Vilja.

Wapendwa, sasa nafika kwenye tarehe ambayo familia ilijadiliana kama isomwe au irukwe, na Outi ndiye aliyesema isomwe. Jioni ya tarehe 8 Januari 2009 ilitabiriwa kwamba alfajiri itanyesha mvua, na msimamizi wake akampigia simu kumwambia aikwangue njia yote mpaka lami kabla hajalala, maana mnajua wenyewe maji ya mvua yakikaa juu ya theluji iliyoshindiliwa yanageuka barafu kama kioo. Rauno aliangalia kipimajoto, kikasema kumi na moja chini ya sifuri, akaangalia njia aliyoichana mchana ule, nyeupe, imenyooka, akasema, "Mvua gani kwa baridi hii? Nikiikwangua leo nimeiua, watu wapite juu ya mawe matupu mpaka Februari." Akaiacha.

Mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri. Alitoka mbio na trekta la kokoto akaanzia Tuira kuja huku, kama alivyofanya siku zote, maana huko ndiko wapita njia walikuwa wengi, na Raili aliondoka Rajakylä saa kumi na mbili na dakika ishirini akiamini njia ya mume wake kama mtu anavyoamini sakafu ya jikoni kwake. Alianguka kwenye mteremko wa kuingia chini ya barabara kuu, akavunjika nyonga na kifundo cha mkono wa kushoto. Rauno alimkuta kwenye mwanga wa taa zake, kokoto zikiwa bado zinamwagika nyuma yake, na hakuthubutu kumsogelea na trekta, kwa kuwa mteremko ule ulielekea kwa mke wake na trekta lingeweza kuteleza likampitia. Ilibidi alizime hatua hamsini kabla, ashuke, atambae kwa mikono na magoti, akiteleza na kujizuia, huku mke wake akimwambia, "Taratibu, Rauno, ukivunjika na wewe nani atatupikia?" Hatua hizo hamsini zilimchukua dakika kumi, na alikuwa akisema hajawahi kumaliza kuzitambaa.

Raili alifanyiwa upasuaji mara mbili, akarudi nyumbani tarehe 27 Februari, na hakupanda baiskeli tena mpaka alipofariki tarehe 2 Oktoba 2019 kwa ugonjwa wa moyo. Kwa miaka hiyo yote kumi alimwambia mume wake neno moja, mezani, kwenye sauna, hata mbele ya wageni, "Si wewe, ilikuwa mvua," na Rauno alimjibu hivyo hivyo kila mara, "Mvua haina funguo za trekta." Tulikuwa tukicheka, kwa sababu tulidhani ni utani wao wa watu wazima, kumbe mmoja alikuwa anaomba na mwingine anakataa, na hakuna aliyepata alichotaka.

Nami nina langu la kukiri hapa. Siku ya ajali, kwenye korido ya hospitali, nilimwambia shemeji yangu mbele ya binti yake, "Ulikuwa na kazi moja tu, Rauno. Moja." Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, nami nikalichukulia hilo kama kukubali. Miaka minne sikukanyaga kwake, salamu zikapitia kwa Raili, na niliporudi nilirudi kwa sababu ya dada yangu, wala sikuyafuta maneno yale.

Mwezi Mei 2017 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikaanza kutetemeka, mwaka 2020 Outi akalazimika kumnyang'anya baiskeli ya kijani, na tarehe 11 Oktoba 2022 akahamia kwenye makazi ya wazee, chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama njia yake mwenyewe. Tulidhani tumemfanyia hisani. Kila theluji ikianguka alikuwa dirishani kabla ya saa moja, akimwangalia Heimo, kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe na aliyerithi njia ile, akipita na trekta, naye akigonga kioo kwa kidole kinachotetemeka, "Inua hapo, inua, unaacha tuta," na Heimo hawezi kusikia, na wauguzi wanamwambia, "Mzee Rauno, njoo unywe kahawa inapoa." Ikitabiriwa mvua alikuwa hali chakula. Alituomba tumpigie simu Heimo, tukampigia, Heimo akasema ameshakwangua, tukamwambia ameshakwangua, naye alitutazama kama watu wanaomdanganya mtoto. Hakukuwa na cha kumfanyia, tulikaa tu pembeni yake tukitazama njia.

Februari mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa tarehe 24, na akaaga dunia tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, Outi akiwa amemshika mkono, nje theluji mpya ikianguka na trekta la Heimo likisikika.

Aliacha ombi moja, alilomwandikisha Outi, kwamba familia isimsindikize kwa magari, ije kanisani kwa baiskeli kupitia njia ya Rajakylä, mbele iwe ya kijani. Niliomba kusimamia jambo hilo mimi, nafikiri mnaelewa kwa nini. Jana jioni Heimo aliichana njia nzima, na ilikuwa nzuri, mistari imenyooka kama ya mwalimu wake, kisha akanipigia simu, "Mzee Oiva, wametabiri mvua asubuhi. Niikwangue mpaka lami au niiache?" Nilitoka nje, barazani. Kipimajoto kilikuwa tisa chini ya sifuri, mbingu safi, nyota zimejaa, na njia mbele ya nyumba ilikuwa nyeupe kiasi kwamba niliona vibaya mtu kuitia chuma siku ya mwisho ya mwenyewe. Nikamwambia, "Baridi hii itakaa, Heimo. Iache, iwe kama alivyoipenda." Akaniuliza mara ya pili, "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika.

Ilianza kunyesha leo saa kumi na mbili asubuhi. Niliisikia juu ya bati nikiwa nafunga tai, nikakaa kitandani na tai mkononi, na sikuwa na la kufanya hata moja. Heimo alimwaga kokoto kadiri alivyoweza lakini mvua ilizisukuma kando mbele ya macho yake, na tulipofika kwenye mteremko ule wa chini ya barabara kuu hakuna aliyethubutu kuweka mguu kwenye pedali. Tulishuka sote kumi na wanne, tukazikokota baiskeli zetu, tumeshikana mabega, Vilja mbele na baiskeli ya kijani ya babu yake, tukiteleza na kusimama, na kwenye mteremko mimi nilipiga magoti nikashuka kwa mikono na magoti, na Outi akasema nyuma yangu, "Taratibu, mjomba." Kwa hiyo tulichelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea marehemu mwezi Februari, wahudumu wa makazi ya wazee waliomvumilia dirishani, majirani wa Rajakylä walioleta mikate na samaki nyumbani tangu siku ya msiba, madereva wenzake wa matrekta waliopanga zamu ili wawepo hapa, na kwa namna ya pekee Heimo, ambaye amesimama mlangoni kwa sababu anasema viatu vyake vina kokoto. Heimo, ingia ukae, ulifanya nilichokuambia, na kosa la leo ni langu. Baada ya mazishi mnakaribishwa nyote kwenye ukumbi wa kanisa kwa supu ya samoni na kahawa, na tafadhali shikaneni mikono mkitoka, ngazi ni kioo kitupu.

Shemeji, nimekuja kwa njia yako, na nimechelewa zaidi ya dakika arobaini, nimechelewa miaka kumi na sita. Niliangalia kipimajoto kama wewe na nikaipenda ile njia kama wewe. Lala sasa, pumzika na Raili wako kwa amani. Ilikuwa mvua, Rauno.