Hema la Miavuli

Ndani ya basi la kurudi mjini, fundi cherehani alikuwa amepakata hema lake kama mtoto mchanga. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa vitambaa vya miavuli mibovu arobaini, na mumewe aliapa kwamba lingevuja siku ya kwanza.

"Mama, hilo ni hema au bendera?" aliuliza abiria wa pembeni yake, muuza mahema wa duka moja mjini. Kiti kilimtosha kwa shida, maana alikuwa amekaa pamoja na majivuno yake.

"Ni hema, mwanangu. Siku nane, hifadhi tatu za milimani, na mvua kila asubuhi. Halikuvuja hata tone."

"Bahati tu hiyo."

"Bahati ya siku nane? Kwenye hifadhi ya pili upepo ulibeba hema la dukani ukalitundika juu ya mti. Wenyewe, watu wanne, wakahamia kwangu. Na aliyewakaribisha ni baba watoto! 'Piteni ndani, kashona mke wangu!'"

"Hawakulifunga vizuri," muuzaji alisema, sauti imeshuka.

"Sawa. Na wewe unapapasa mishono yangu tangu tulipovuka daraja. Umepata tundu?"

Alikuwa hajapata. Basi likasimama kwenye kituo cha muuzaji, naye hakuinuka; vidole vyake vilikuwa bado kwenye mishono.