Ufa wa Tao la Saba

Mgeni rasmi, uliye mhandisi wa majengo, mwalimu mkuu, walimu wetu walezi, na wapishi mnaosikiliza kutoka dirishani: shikamooni. Sisi wanafunzi wa bweni tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa kuja na viatu safi namna hiyo mahali penye chokaa kama hapa.

HISTORIA

Mbele ya bwalo letu ipo safu ya matao kumi na moja, ya zamani kuliko shule yenyewe. Juu yake, ukutani, ipo safu nyingine ya matao madogo yasiyopitika, yaliyowekwa kwa ajili ya pambo tu. Kwa miaka mingi tuliyaita yote "yale matundu", na kazi yake tuliyoijua ni kuanikia soksi.

MAFANIKIO

Mwaka jana mvua iliangusha tao la saba. Fundi wa shule alilijenga upya, nasi tukambebea mawe. Tunamwita Mama Timazi, kwa sababu kile chuma chenye uzi cha kupimia ukuta hakimtoki shingoni. Alitufundisha kila kitu kwa jina lake: mguu wa tao, bega la tao, matao bubu, ndiyo hayo madogo yaliyozibwa, na jiwe la kilele, linaloingia mwisho na kuyabana mengine yote. Mwenzetu mmoja alimuuliza kwa nini tuhangaike na pambo lisilobeba hata bati.

"Na wewe hiyo tai inakubebea nini?" Mama Timazi akamjibu bila kugeuka.

Tangu siku hiyo tai zetu zinafungwa vizuri.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Ni nyeusi, ina urefu wa mkono, na inapita katikati ya jiwe la kilele la tao la saba. Katika ripoti iliyoko mezani kwako inaitwa ufa wa hatari. Kwa ajili yake Mama Timazi ameandikiwa barua ya kuachishwa kazi, leo ikiwa siku yake ya mwisho, na safu nzima itabomolewa ujengwe ukuta mnyoofu.

Mgeni rasmi, ufa huo ni mkaa.

Ulichorwa na mwenzetu wa kidato cha tatu. Alitaka kidato cha kwanza waogope, wazungukie mlango wa nyuma, yeye awahi foleni ya chakula. Ni mchoro mzuri, tukubali. Aliutia hata kivuli. Kesho yake akaja mkaguzi wako, akaupiga picha kwa mbali, akafunga utepe wa kuzuia watu, akaondoka.

Utauliza kwa nini hatukuufuta. Mchoraji alikwisha kuvuka utepe, ndoo mkononi, Mama Timazi akamdaka shati.

"Acha. Ukiufuta leo watasema fundi kaficha ufa wake."

"Mama, ni mimi niliyeuchora."

Alimtazama. Mchoraji alitamani achapwe, maana viboko amevizoea. Mama Timazi akasema tu, "Basi, mwanangu, kawaambie wenye ripoti."

Hilo lilimchukua wiki tatu. Kila asubuhi Mama Timazi alimsalimia kama kawaida, na kila asubuhi chai ilimshinda. Juzi mchoraji alitukusanya bwenini akasema yote. Tukampigia kura asome risala hii, ili asipate pa kujificha. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako.

MAOMBI

Hatuombi televisheni wala jezi. Tunaomba uvuke utepe, uufute ufa huo kwa mkono wako mwenyewe, mkaguzi wako uliyekuja naye akiona. Ngazi imeegemezwa, kitambaa kimelowekwa. Mkaa ukitoka, barua ifutwe na matao yabaki. Usipotoka, tutanyamaza na kubeba mawe ya huo ukuta mnyoofu. Adhabu ya mchoraji tunamwachia mwalimu mkuu; mwenzetu yuko tayari kuipokea.

Mama Timazi hajui kwamba tunasoma haya. Yuko nyuma ya bwalo, anatia vifaa vyake kwenye gunia. Tunakusihi upande ngazi kabla hajafunga kamba.

Mungu akupe hatua imara huko juu, akushushe salama, na akufikishe kwako ukiwa na furaha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Bweni, Wabeba Mawe wa Tao la Saba