Chapa ya Mama Lukresia

Tarehe 30 Juni 1998 Mama Lukresia Malimi anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kupiga alama kwenye marobota ya pamba ya ushirika wetu hapa Bariadi. Nimekaa naye karakana moja miaka kumi na sita, mimi na mashine zangu, yeye na mabati yake ya kutoboa herufi za kupigia wino. Nimeombwa niandike kwa sababu, wanasema, mimi ndiye niliyemuudhi kuliko wote.

Alianza mwaka 1969 akishona vifuniko vya marobota. Fundi wa alama alipougua, Mama Lukresia alichukua mkasi wa bati bila kuombwa, akatoboa herufi zilizonyooka kuliko za fundi mwenyewe. Hakurudi tena kwenye sindano.

Nembo yetu ya zamani mnaikumbuka: ng'ombe, jembe, mwenge, kitabu, jua na maneno kumi na moja. Ikipigwa kwenye robota wino ulitambaa, na yule ng'ombe akabaki kama kiatu kilichoangukia tope. Tuliivumilia, maana mkulima hakuwa na pengine pa kuuza.

Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walijaa hadi Lamadi, kila mmoja na bango lake: tufe la dunia, mikono inayoshikana, herufi zenye kivuli. Ndiyo ilikuwa fasheni. Uongozi ukataka na sisi tufanane nao, tuagize nembo mjini, na jina la Mama Lukresia likaingia kwenye orodha ya watakaopunguzwa. Akaomba msimu mmoja tu, ule wa 1995. Wakulima wasipoitambua nembo atakayochora, ataondoka mwenyewe.

Alianzia zizini. Alisema chapa ya ng'ombe haina maneno wala rangi, lakini mwenye ng'ombe anaijua hata kundi likiwa ng'ambo ya mto, ndani ya vumbi. Basi akachora tumba la pamba kwa mistari minne. Lilikaa vizuri kwenye stakabadhi na kwenye ukuta wa kinu cha kuchambulia pamba vilevile. Tukalibandika kwenye vituo vyote, tukashangilia. Tulishangilia mapema.

Wiki ya kwanza wakulima wa Mwamapalala walipita kituo chetu, wakapeleka pamba nyumbani kwa Mzee Maganga Salu. Mistari ile minne ilikuwa ndiyo chapa ya ng'ombe wake, nao wakaamini mzee kanunua ushirika! Alikuja kinuni na mikokoteni kumi na miwili, akamwita Mama Lukresia kwa Kisukuma, kama mtu amwitaye mama, akauliza kwa upole, "Mayu, lini nimekuwa mnunuzi mimi, mbona sijaambiwa?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama Lukresia hakucheka. Meneja alikuwa tayari ameshika ile orodha.

Mama Lukresia alipanda baiskeli asubuhi iliyofuata. Kwa wiki mbili alizunguka kaya kwa kaya, Mwamapalala hadi Shishiyu, akinakili chapa za ng'ombe kwenye daftari la shule. Alipata mia mbili arobaini na moja. Aliporudi aliongeza mkato mmoja chini ya tumba, mkato ambao hakuna kaya iliyokuwa nao. Kisha akawaonyesha wakulima nembo mara moja tu, akaificha, akawaomba waichore chini kwa kidole. Wakaichora, wazee kwa vijana. Msimu ule magari yetu yalirudi yamejaa, na jina lake likafutwa kwenye orodha.

Tangu hapo vijana wakimletea michoro yenye madoido, anawauliza swali lilelile: ukifuta hiki, nini kitapungua? Mimi nikiliona robota letu juu ya lori la Mwanza, kifua kinanijaa. Namuonea fahari, na leo nasema wazi.

Majuzi nililifungua lile daftari. Kuna chapa ya baba yake, ipo ya marehemu mumewe. Yake haimo. Ng'ombe aliowachunga maisha yake yote walibeba alama za wengine.

Asante, mayu, kwa kazi yote. Mungu akupe miaka mirefu yenye afya na furaha. Wenzako tumekuchangia mtamba, amefungwa nyuma ya kinu. Hatujampiga chapa. Chora yako.