Picha Yenye Ukungu

Kacha. Mara moja tu, usiku, kisha kimya. Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa na habari, kwa sababu sauti ile mtaa mzima unaijua: ni kamera ya Fundi, na kamera ya Fundi haikuwa imelia tangu msimu wa mvua uliopita. Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa studio yake, mguu mmoja umewekewa tofali, na juu ya vichwa vyetu kuna dirisha la kioo ambamo mtaa wote umebandikwa: maharusi, wahitimu, vichanga, na marehemu wakiwa bado wanacheka. Asubuhi hiyo alikuwepo Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hunyoa nusu ya kichwa kisha hutoka nje kubishana. Alikuwepo Profesa, aliyeendesha lori maisha yake yote na kupata cheo hicho kwa kusoma magazeti ya kufungia vitumbua na sabuni. Alikuwepo Mama Birika, mwenye kahawa, ambaye humimina huku akihukumu. Na mimi, niliyekaa upande wa tofali.

— Nimeisikia kwa masikio yangu haya, alianza Kinyozi. Kacha. Nikamwambia mke wangu, amka, Fundi amerudi kazini.

— Kazini gizani? Profesa alipuliza kahawa yake. Kazi ni mchana, watu wakiwa wamevaa na kujipaka mafuta. Ukimsikia mtu anapiga picha peke yake usiku, ujue huyo anajifurahisha.

— Anajifurahisha? Fundi? Ulimwona lini na furaha?

— Nasema kwa lugha ya kitaalamu. Kuna mpiga picha wa kazi na kuna mpiga picha wa kujipitishia muda. Wa kazi akiacha kazi, anabaki mtu mwenye kamera. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

— Wahenga hawakuwa na kamera, alisema Mama Birika. Kunywa, inapoa.

— Basi kama ni kupiga tu, alisema Kinyozi, mtaalamu wa mtaa huu ni mimi. Kila kichwa ninachonyoa nakipiga picha kwa simu. Mbele, nyuma, ubavuni.

— Vichwa vyenyewe huvimalizi! Hata sasa kuna mtu humo ndani ana nywele upande mmoja.

— Ananisubiri. Subira yavuta heri.

— Yake inavuta baridi.

Kutoka ndani ya kibanda chake cha kunyolea ilisikika sauti ya unyonge: “Kaka, bado?” Kinyozi akapunga mkono bila kugeuka.

— Mtaalamu hujulikana kwa vyombo vyake, aliendelea. Taa kubwa, mwavuli mweupe, stendi ya miguu mitatu.

— Na unajua kwa nini ni mitatu? aliuliza Profesa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ilikuwa minne.

Mama Birika alicheka hadi akamwagia mchanga kahawa. Kisha akaacha ghafla, akatazama mlango wa studio, kama mtu aliyecheka matangani.

— Vyombo si kitu, alisema Profesa kwa sauti ya chini. Mtaalamu utamjua kwa ukali. Wa kujifurahisha atakwambia umependeza. Mtaalamu atakwambia kidevu chini, tumbo ndani, na huyo shemeji asogee.

— Fundi hakuwa mkali, alisema Mama Birika.

Sote tulishakaa kwenye kile kigoda chake, mbele ya lile pazia la bluu. Fundi hakuhesabu moja, mbili, tatu. Alikuuliza jina lako, hata kama ulikuja kwa picha ndogo ya kitambulisho na hamjawahi kuonana. Kisha aliinama nyuma ya kamera, akanyamaza, akakuita. Alikuita polepole, kama mtu aliyekuona ng'ambo ya barabara baada ya miaka mingi. Na uso ukisikia jina lake hufunguka kabla haujakumbuka kuona haya. Kacha. Ndiyo maana kwenye dirisha lile hata watu wakorofi wanaonekana kama wamepokea habari njema.

— Labda mtaalamu ni yule anayejua kuita, nilisema.

— Hata kondakta anajua kuita, alijibu Kinyozi.

— Kimya, nimepata. Profesa aliweka kikombe chini, dalili mbaya. Sikilizeni. Mtaalamu ni mtu ambaye hayupo. Fungueni albamu za mtaa huu. Harusi yangu, Fundi yumo?

— Hayumo.

— Ubatizo, hitima, mahafali, siku tulipomzika mama yako, Kinyozi. Yumo?

— Hayumo. Lakini alikuwepo. Alinishika mkono.

— Umeona? Alikuwepo kila mahali na hayupo popote. Siku akifa, hakuna ushahidi kwamba aliishi. Wa kujifurahisha hujipiga yeye, na mkewe, na paka wake. Mtaalamu hana watu. Macho yake yameazimwa na mtaa. Anaangalia watoto wa wenzake mpaka anasahau kuwa na yeye ana...

Profesa alikatika hapo, kama lori lake zamani lilipokutana na ng'ombe barabarani. Mlango wa studio ulikuwa umefunguka.

Fundi alitoka na kamera shingoni. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vilivyopishana, upande mmoja umepanda. Alikaa mwisho wa benchi, na Mama Birika akammiminia bila kuulizwa.

— Umeamkaje, Fundi?

— Salama.

— Tunapiga soga tu, alisema Profesa. Mambo ya utaalamu.

— Nimesikia. Ukuta ni mwembamba.

Hapa inabidi niseme jambo. Katika mtaa wetu ukishapata mtoto, jina lako linapumzika. Unakuwa Mama fulani, Baba fulani, na mtoto ndiye anakubeba mdomoni mwa watu. Fundi naye aliitwa hivyo, kwa jina la binti yake, na alipoitwa aligeuka haraka kuliko sisi wote. Tuliporudi kutoka makaburini siku tuliyomzika binti huyo, mtu mmoja alimwambia, “Pole, Fundi.” Wa pili akasema vilevile. Hatukuambiana, hatukukaa kikao, lakini kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umemvua lile jina. Tulidhani tunamhurumia. Tangu hapo hakuna aliyelitamka. Yeye mwenyewe hakulitamka, na hakumpiga mtu yeyote picha.

Kinyozi ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kimya kimeota bila kukinyoa.

— Basi utuamulie wewe, kaka, alisema. Maana mimi nashikilia kwamba mtaalamu habandiki dirishani picha iliyoharibika. Kizuri chajiuza. Sasa ile ya katikati...

Mama Birika alimkanyaga mguu. Alikuwa amechelewa. Sote tulikuwa tumeshageuza shingo.

Katikati ya dirisha, kati ya nyuso zote zilizotulia, kulikuwa na picha moja yenye ukungu. Gauni la manjano, mkono unaoburutika kama moshi, na mahali pa uso pamefutika, kama mtu amepitisha kitambaa.

— Ni kweli, imeharibika, alisema Fundi. Mtaalamu angeirudia.

— Jamani, sikuwa na maana...

— Acha niseme. Nilikuwa namkalisha kwenye kigoda kilekile mlichokalia nyinyi. Naenda nyuma ya kamera. Namwita. Nyinyi nikiwaita mnaniangalia. Yeye nikimwita, anashuka ananikimbilia. Kila mara. Huku kidole kimeshabonyeza. Ninazo picha zake tele, na zote ziko hivyo. Mama yake alikuwa akicheka, ananiambia, hesabu basi kama wenzako. Nikasema, hapana, acha, atakua, atatulia, nitarudia.

Alizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

— Alitulia siku moja tu. Siku hiyo sikubeba kamera.

Profesa alifungua mdomo kutafuta methali. Aliufunga. Nimekaa kijiwe kile muda mrefu, na ndiyo mara ya kwanza kuona wahenga wamekosa la kusema.

— Na jana usiku? aliuliza Mama Birika taratibu.

— Niliweka kigoda. Nikawasha taa. Nikataka kumwita, nione kama bado najua. Kinywa kikakataa. Kidole kikabonyeza chenyewe.

— Umepata nini?

— Kigoda. Kimetoka vizuri sana. Hakina ukungu hata kidogo.

Akainuka nusu, akakaa tena.

— Leo nabandua dirisha. Kila mtu aje achukue ya kwake. Kamera inaingia kabatini na studio inafungwa. Nisiyeweza kuita, nitapigaje? Hilo ndilo jibu lenu la utaalamu, mnaweza kulifunga kwenye gazeti.

— Fundi, wewe ukifunga, sisi tutakaa wapi? Kinyozi alisema, na nadhani alitaka kusema kitu kingine kabisa.

Mama Birika aliinua birika, akalitikisa. Lilitoa sauti ya mashapo ya kahawa.

Ndipo akaja dada mmoja mgeni, aliyehamia nyumba ya nyuma juzijuzi, amemshika mkono binti mdogo mwenye kandambili zilizovaliwa kushoto kulia.

— Hamjambo, jamani. Nimeambiwa hapa kuna mpiga picha.

Tulitazamana. Kinyozi akasema:

— Mbona simu hiyo unayo, dada?

— Ninayo, na nimempiga mpaka imejaa. Zote kisogo. Huyu haangalii simu hata ukimwahidi pipi. Na bibi yake macho yanaondoka. Wiki ijayo nampelekea picha kubwa, akae nayo karibu na dirisha wakati bado anaona. Anataka uso wa mjukuu, si kisogo.

— Sipigi tena, dada yangu, alisema Fundi. Nenda mjini. Wapo wengi, na ni wazuri.

— Mjini wamemhesabia moja, mbili, tatu. Kwenye mbili ameshageuka. Nikaambiwa yupo mmoja mtaani, yeye anaita.

— Alikuwa anaita.

Dada yule alimtazama Fundi, akatutazama sisi, kama mtu aliyeingia chumba ambamo watu wametoka kugombana. Wakati huo binti yake alikuwa ameshaponyoka. Alikuwa amepanda kwenye ncha ya benchi, viganja viwili kwenye kioo, pua kwenye kioo, akitazama katikati ya dirisha.

— Mama, alisema. Huyu anakimbilia wapi?

Sisi watu wazima tulikuwa tumeitazama picha ile miezi yote hiyo tukiona ukungu. Hakuna aliyewahi kuona mbio.

— Shuka, utavunja kioo cha watu, alisema mama yake.

— Muache, alisema Fundi.

Aliweka kikombe chini, kikapinduka, hakukiokota.

— Anakimbilia kwa baba yake, alimwambia yule mtoto.

Mtoto aliridhika. Akageuka kuangalia picha nyingine. Lakini mama yake alikuwa ameelewa kitu, nusu tu, na ile nusu ilimfanya apunguze sauti na kukunja goti kidogo, kwa heshima, kama anavyosalimiwa mkubwa.

— Samahani, shikamoo. Nimekuja na shida zangu hata sikukusalimia. Nimeambiwa niulize Fundi, lakini fundi hata wa bomba ni fundi. Sitaki kukuita hivyo. Wewe ni baba nani?

Ni swali analojibu mtoto wa chekechea. Ukihamia mtaani, ni swali la kwanza kuulizwa, kabla hujauliza maji yanapatikana wapi. Kinyozi akatazama viatu vyake. Profesa akatazama barabara, ambayo haikuwa na kitu. Mama Birika alishika birika tupu kwa mikono miwili, midomo yake ikacheza, nikaona jina limefika kwenye meno, likarudi. Mimi nilikuwa nalo ulimini. Nilikuwa nalo miezi yote hiyo. Nilimeza.

Dada yule akasubiri. Akadhani hatukusikia.

— Baba nani?

Fundi alikuwa ameinua kamera kutoka kifuani. Hakuielekeza kwa mtoto, wala kwa mtu. Aliielekeza kwenye mlango wa studio uliokuwa wazi, ndani, kwenye kigoda. Akainama nyuma yake. Akanyamaza, kama zamani. Kinywa kilifunguka, kikarudi tupu. Kikafunguka tena.

— Tunu, aliita.

Hakuna aliyekimbia.

— Baba Tunu, alimjibu yule dada.