Maumivu Bado ni Njano

Benchi letu la mtaa wa Katoyi, hapa Goma, ni ubao mmoja juu ya mawe ya lava, kando ya meza ambapo Héritière huuza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo wateja tulikuwa wanne: Préfet, aliyesimamia nidhamu shuleni na hajaacha, Pilote, mwenye pikipiki, Télesphore, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na mimi, ambaye wananiita Assistant kwa sababu nilifundisha chuo kikuu. Mke wa Télesphore, Mukakalisa, ana kansa ya titi iliyoingia mifupani. Hospitali ilikuwa imempa chupa ya morfini ya maji. Télesphore alikuwa anatembea nayo mfukoni mwa koti, ili nyumbani wasimpe mapema.

— Mapema ya nini? nikamuuliza.

— Mbele ya maumivu kukomaa, Assistant. Dawa kubwa inangojaka maumivu kubwa. Akiba haiozi.

Préfet alikubali, ila alitaka kipimo. Akapendekeza rangi za vibao vya tahadhari ya volkeno, ambazo kila mtu Goma anazijua. Kijani, mgonjwa ananung'unika. Njano, hali chakula. Machungwa, hapati usingizi. Nyekundu ikifika, chupa ifunguliwe, baada ya kikao.

— Kikao ya nani? akauliza Pilote.

— Ya siye. Mugonjwa hawezi kuwa juge wa kesi yake mwenyewe.

Pilote aliona kasoro. Mukakalisa ni mtoto wa wafugaji wa Masisi. Kwao mwanamke hata akizaa hapigi kelele, kwa maana jirani akisikia ni aibu ya ukoo. Huyo atabaki kijani mpaka kaburini. Afadhali apimwe mume: Télesphore akikosa usingizi, tuhesabu machungwa.

Télesphore akasema kwamba yeye hulala vizuri.

— Basi bado ni njano, akaamua Préfet.

Kahawa ilipoongezwa, elimu nayo iliongezeka. Pilote alisema maumivu yakionjeshwa morfini yatageuka mlevi, yatatoka kwa mgonjwa na kuitafuta kwa majirani. Préfet alijibu kuwa ndiyo maana chupa isifunguliwe kabisa. Maumivu ni kama mwanafunzi mtoro: akiona fimbo tu, anarudi darasani. Mgonjwa aonyeshwe chupa kila jioni, ikiwa imefungwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Nilimuonyesha jana, akasema Télesphore.

— Na akafanya nini?

— Aligeukia ukuta.

Préfet alihesabu hilo kuwa maendeleo.

Niliwaambia nilichojifunza nikimuuguza mke wangu. Dawa hii hupewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, kwa kipimo cha daktari, pamoja na ile ya kulainisha choo. Ni nadra sana mgonjwa anayeinywa hivyo kugeuka mlevi. Wala si dawa ya siku ya mwisho.

— Bibi yako aliinywa, akasema Préfet kwa upole. Na alikufa.

— Alikufa. Lakini wiki ile bado alikula samaki wa sambaza, akanigombeza juu ya chumvi.

Héritière akainamisha thermosi, haikutoa kitu. Kisha Pilote akauliza, kwa uangalifu kabisa, ilikuwa chumvi ya aina gani, maana huenda ndiyo iliyomtuliza. Préfet akaona njia mpya ya kufikiri. Télesphore alikuwa ananitazama mimi.

Hapo akafika mama mmoja aliyekuwa ametoka kushuka kwenye basi la Rutshuru, na mfuko wake kichwani, akitafuta kahawa. Aliambiwa imekwisha. Akaketi apumzike, na macho yake yakaangukia shingo ya chupa iliyochungulia mfukoni mwa Télesphore. Aliitambua mara moja.

— Pole sana, papa. Hii njo ile dawa ya kansa, dada yangu anainywaka. Inasaidia sana. Na weye, inakuumaka wapi?

Télesphore akafungua kinywa. Akamtazama Préfet, Préfet alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu. Pilote akainuka, akawasha pikipiki. Télesphore akapanda nyuma, mkono wake umeishika chupa, wakaelekea nyumbani kwake.

Mama yule aliwatazama mpaka walipokata kona, kisha akanigeukia.

— Inamuuma mpaka hawezi hata kusema, maskini.