Marehemu Maxine Chepngetich na Vipandikizi Vilivyooza

Mchungaji, chifu, wazee na majirani, naitwa Chepkurui, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa karatasi hii nisome, nami nitaisoma, lakini mnivumilie nikitoka nje ya mstari.

Marehemu Maxine Chepngetich alizaliwa tarehe 14 Machi 2001 hapa Kimulot, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Nicholas Kipsang na Mama Rael, akatembea akiwa na miezi tisa, habari ambayo nimeambiwa maisha yangu yote, kwa sababu mimi nilichelewa.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, mwaka 2014 akapata alama 418 kati ya 500, na ni walimu walewale walionifundisha mimi nikapata 231, akaenda sekondari Bomet, kisha Septemba 2019 akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea uhandisi, siku hiyo mama akasema jogoo achinjwe, na jogoo mwenyewe nikamkamata mimi, nikamnyonyoa mimi.

Hakuolewa, wala hakujaliwa watoto, hapo tu ndipo nilipokuwa mbele yake, nina mume na watoto watatu, lakini picha iliyo ukutani kwa mama ni yake.

Kuhusu kazi, mwaka 2023 yeye na wanafunzi wenzake wanne, akiwemo Kepher Omollo aliyeketi pale mbele, walibuni kisanduku kinachotoshana na mkate, cha kuona kama chai inaweza kutoa mizizi huko angani ambako vitu havina uzito, wakakubaliwa kirushwe kwa roketi kutoka ng'ambo, na Juni 2024 akaja kwangu kwenye nasari ya miche ya chai ninakofanya kazi kuomba vipandikizi kumi na viwili vya majaribio. Jamani, wivu ni ugonjwa. Kila mtu hapa anajua kipandikizi hukatwa asubuhi mapema, kabla ya jua, kwa kisu kikali, mimi nilimkatia saa saba mchana, kwa kisu butu, nikamfungia vizuri kabisa kwenye karatasi, vikaoza vyote, zikiwa zimebaki wiki tatu tu wakabidhi kisanduku.

Alirudi, hakuniuliza kitu, tukaingia shambani pamoja kabla ya jua, na safari hii nikakata kama Mungu ananiangalia. Tarehe 9 Agosti 2024 vikaenda juu, vinane vikatoa mizizi, akaonekana kwenye televisheni, kanisani akapigiwa makofi, nami nikapiga, roho ikiniuma.

Februari 2025 alipatikana na saratani ya damu, akalazwa Kericho, akatuacha tarehe 2 Juni. Wiki yake ya mwisho nilimwambia ukweli, akacheka, akasema alijua tangu alipofungua ile karatasi, kwani mimi ndiye niliyemfundisha kukata, na mkono wangu haujawahi kukata vibaya hivyo, kisha akaniomba nisimwambie mama, asije akanichukia. Mama, umesikia. Hata kwa kusamehe alinishinda, na ninamwonea wivu mpaka leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi wiki nzima, wanafunzi wenzake, na wenzangu wa nasari waliochimba kaburi.

Pumzika salama, Chepngetich, mama nitabaki naye mimi, akinitaka.